Wahariri Watatu na Manowari za Marekani

Katika vita tatu kubwa walizopigana Wamarekani, yaani Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya 1861-1865, Vita Kuu ya Kwanza na Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wizara ya jeshi lao la majini iliongozwa na mtu wa magazeti. Sitanii. Gideon Welles alikuwa mhariri kule Hartford, Connecticut. Josephus Daniels alikuwa mwenye gazeti la News & Observer la Raleigh, North Carolina. Frank Knox alikuwa mchapishaji wa Chicago Daily News. Watu wa wino na karatasi, wakapewa manowari.

Sisi tunaokula kwa kalamu tunaweza kujivunia hilo kwa dakika moja. Lakini tusijivune haraka. Kila mmoja wa hawa watatu alikutana na swali lile lile mezani: mtu mweusi akija kuomba ubaharia, afanywe nini? Mmoja alifungua mlango kidogo. Wa pili ukafungwa mikononi mwake. Wa tatu aliufungua tena huku akinung'unika. Na kila walichoamua waliweza kukiamua kwa sababu ya jinsi wizara yenyewe ilivyopangwa. Kwa hiyo ndugu msomaji, vumilia kidogo tuijue kwanza nyumba, ndipo tuwajue wapangaji.

Wizara ilizaliwa tarehe 30 Aprili 1798, Rais John Adams aliposaini sheria ya kuianzisha. Kabla ya hapo mambo ya majini yalikuwa chini ya Wizara ya Vita, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa askari wa nchi kavu. Jeshi la majini la wakati wa mapinduzi lilikuwa limeshavunjwa, na meli yake ya mwisho kuuzwa mwaka 1785. Wakati ule Wafaransa walikuwa wanakamata meli za biashara za Kimarekani, na wafanyabiashara wanalia. Waziri wa kwanza akawa mfanyabiashara pia, Benjamin Stoddert wa Georgetown, na ofisi yake ilikuwa na makarani wachache tu. Waziri mwenyewe ndiye aliyeshughulika na kununua mbao, kutafuta manahodha na kuzituma meli vitani. Kabla hajaondoka mwaka 1801 alikuwa amenunua viwanja vya karakana sita za serikali za kutengenezea meli, ikiwemo ya New York.

Karakana hiyo ya New York inatuhusu na sisi watu wa pwani. Tarehe 30 Aprili 1840, siku wizara ilipotimiza miaka 42, meli ya Sayyid Said iitwayo Sultana ilitia nanga New York ikitoka Unguja, na ndani yake yumo mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Safari ilikuwa imeichosha meli. Jeshi la majini la Marekani likaiingiza kwenye karakana yake na kuifanyia matengenezo makubwa kwa gharama ya serikali, kama heshima kwa Sultani ambaye tangu mwaka 1833 walikuwa na mkataba wa biashara naye. Ndio enzi hizo hizo kitambaa cha merikani kilipokuwa kinaingia kwa wingi Unguja. Kwa hiyo wizara hii tunayoizungumzia iliwahi kupiga randa mbao za meli ya kwetu.

Turudi kwenye mpangilio. Vita ya 1812 dhidi ya Waingereza ilionyesha kwamba mtu mmoja na makarani wake hawatoshi. Mwaka 1815 likaundwa baraza la makapteni watatu wa kumsaidia waziri. Kabla wino haujakauka, ugomvi ukaanza. Makapteni walitaka wawe na sauti hata kwenye safari za meli na uteuzi wa maofisa. Waziri, Benjamin Crowninshield, akakataa. Rais Madison akaamua: baraza lishughulike na vifaa na ujenzi, lakini amri ya meli ziende wapi ibaki kwa waziri, mteule wa rais. Uamuzi huo mdogo wa ofisini ndio msingi wa kila kitu kilichofuata. Mwenye bunduki anamsikiliza raia.

Mwaka 1842 baraza likafutwa na mahali pake zikaja idara tano: ya karakana na gati, ya ujenzi na ukarabati wa meli, ya vyakula na mavazi, ya silaha, na ya tiba. Kila idara na mkuu wake, na kila mkuu anaripoti kwa waziri moja kwa moja. Juu yao hakuna mwanajeshi yeyote wa kuwaunganisha. Ukitaka kuuelewa mfumo huu, fikiria nyumba yenye wake wengi, kila mmoja na jiko lake na kufuli lake, na mume ndiye pekee anayejua nini kinapikwa wapi. Kama mume ni makini, mambo yanakwenda. Kama si makini, kuna siku mtalala njaa na unga umejaa ndani.

Welles, mhariri wetu wa kwanza, alikuwa makini. Tena alikuwa ameshapita humo, maana kati ya 1846 na 1849 aliongoza ile idara ya vyakula na mavazi. Abraham Lincoln alipomteua mwaka 1861 watu walilicheka wigi lake na midevu yake mirefu. Kazi aliyopewa haikuwa ya kuchekesha: kuziba pwani yote ya majimbo ya Kusini yaliyoasi, zaidi ya kilomita 5,000, huku manowari zilizokuwa kazini hazifiki 50. Welles aliyajua mapungufu yake ya ubaharia, akamchukua Gustavus Fox, ofisa wa zamani wa majini, awe msaidizi wake. Mmoja akashika siasa na fedha, mwingine akashika mambo ya vita. Vita inakwisha mwaka 1865, wizara ilikuwa na meli zaidi ya 600.

Sasa lile swali letu. Watumwa waliotoroka kwa mabwana zao walikuwa wanapiga makasia usiku kuzifuata meli za Kaskazini. Manahodha wakawa wanaandika kwa waziri: tuwafanye nini hawa? Septemba 1861 Welles akaruhusu waandikishwe jeshini. Ilikuwa mapema, maana jeshi la nchi kavu lilikuwa bado halitaki kusikia habari ya askari mweusi. Lakini soma masharti: wasipewe cheo zaidi ya kile kilichoitwa "boy", yaani mtoto au boi kama sisi tulivyokuja kulijua neno hilo baadaye, kwa dola 10 kwa mwezi na posho ya chakula. Mwanaume mwenye watoto wake anaitwa boi. Hata hivyo walikuja, na kabla vita haijaisha Wamarekani weusi karibu 18,000 walikuwa wamehudumu majini, kwenye meli zile zile walizokuwemo weupe.

Tunaruka hadi mwaka 1913, Josephus Daniels anaingia ofisini. Huyu ni mtu mgumu kumwelezea, kwa sababu alikuwa na mazuri yake. Alitaka mabaharia wa kawaida wasio na elimu wasomeshwe wakiwa melini. Mwaka 1914 alipiga marufuku pombe kwa maofisa kwenye meli, jambo ambalo hawakumsamehe. Msaidizi wake alikuwa kijana mmoja mwenye jina kubwa, Franklin Roosevelt, ambaye baadaye alikuja kuwa rais.

Maadmirali walikuwa wamechoka na zile idara zenye kufuli. Walitaka mwanajeshi mmoja mkubwa wa kupanga vita. Aliyepiga kelele zaidi ni Admirali Bradley Fiske, mshauri wa waziri mwenyewe. Alipoona bosi wake hamsikilizi, alizunguka kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa 1915 alikutana kwa siri na mbunge Richmond Hobson na maofisa wengine wakaandika muswada wa kuanzisha cheo cha Mkuu wa Oparesheni za Majini, chenye nguvu kubwa na wasaidizi 15. Daniels alipopata habari, hakuuzuia muswada. Alifanya kile mhariri yeyote mzoefu angefanya: aliuhariri. Wale wasaidizi 15 wakafutwa, na yakaingizwa maneno ya kwamba mkuu huyo atafanya kazi chini ya maelekezo ya waziri. Sheria ikapita Machi 1915 ikiwa imeng'olewa meno. Kisha kwenye uteuzi akawaruka maadmirali wote, Fiske akiwemo, akamchukua kapteni mmoja mtulivu aliyekuwa anasimamia karakana ya Philadelphia, William Benson. Fiske alibaki kuandika malalamiko. Cheo kile, kilichozaliwa kwa fitina na kupunguzwa kwa kalamu, ndicho cheo cha juu kabisa cha mwanajeshi katika jeshi la majini la Marekani hadi leo.

Nilipokuwa nasoma kisa hicho nilianza kumpenda Daniels. Kisha nikakumbuka alitokea wapi. Mwaka 1898 gazeti lake lilikuwa mstari wa mbele kuchochea chuki dhidi ya weusi wa North Carolina, kwa makala na vikatuni vya kuwatisha wazungu. Tarehe 10 Novemba mwaka huo kundi la wazungu wenye silaha likaingia mitaani Wilmington, likaua weusi, likachoma moto ofisi ya gazeti la weusi na kuupindua uongozi halali wa mji. Mwaka 2006, miaka 108 baadaye, News & Observer lenyewe liliomba radhi kwa mchango wake. Sanamu ya Daniels iliyokuwa Raleigh iliondolewa na familia yake Juni 2020.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa na kalamu ya mwisho wizarani kwa miaka minane. Mabaharia weusi walikuwa tayari wameshaanza kusukumwa jikoni na kwenye vyumba vya makaa ya mawe. Mwaka 1919, Daniels akiwa bado waziri, jeshi likaacha kabisa kuandikisha weusi wapya. Mlango ulikaa umefungwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ulipofunguliwa ilikuwa kwa kazi moja tu: kuwahudumia maofisa mezani, kufua na kupiga viatu rangi.

Frank Knox aliteuliwa Julai 1940. Alikuwa Republican, tena mwaka 1936 aligombea umakamu wa rais dhidi ya upande wa Roosevelt. Roosevelt akamchukua hivyo hivyo, ili vita inayokuja iwe ya Wamarekani wote. Chini ya Knox ndipo ule mfumo wa idara za 1842 ulipoonyesha ubaya wake wote.

Nyambizi za Marekani ziliingia vitani Desemba 1941 zikiwa na topido aina ya Mark 14. Iligharimu karibu dola 10,000 moja, na kwa ajili ya kubana matumizi ilikuwa haijajaribiwa ipasavyo kwa vichwa vyenye baruti kabla ya vita. Manahodha wakaanza kurudi na hadithi moja: tumelenga, tumefyatua, topido imepita chini ya meli ya adui. Au imegonga na haikulipuka. Au imelipuka njiani, adui akajua tupo wapi. Idara ya Silaha, iliyoitengeneza topido hiyo, ikajibu kwamba silaha ni nzima, wapigaji ndio wabovu. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuilazimisha ijipime. Juni 1942 Admirali Charles Lockwood, aliyekuwa anaongoza nyambizi kutokea Australia, alichoka. Akanunua wavu wa wavuvi, akautandaza baharini kule Albany, akafyatulia topido humo. Matundu kwenye wavu yalionyesha zinapita takriban mita tatu chini ya kina kilichowekwa. Idara ikakubali kwa shingo upande. Makosa mengine mawili yalichukua mwaka mzima zaidi kurekebishwa, hadi vuli ya 1943. Karibu miaka miwili ya vita, vijana wanatumwa chini ya bahari na silaha mbovu kwa sababu ofisi moja haikutaka kuambiwa imekosea, na muundo uliiruhusu isiambiwe.

Roosevelt alikuwa ameona tatizo. Machi 1942 aliunganisha ukuu wa meli zote za vita na ule ukuu wa oparesheni mikononi mwa mtu mmoja, Admirali Ernest King, mtu mkali ambaye hata marafiki zake walimwogopa. Lakini King alipojaribu kupanga upya idara zote ziwe chini yake, rais huyo huyo alimzuia. Roosevelt alikuwa amekaa wizarani kama msaidizi wa Daniels kwa zaidi ya miaka saba. Somo la 1915 hakulisahau.

Na weusi? Desemba 7, 1941, pale Pearl Harbor, mhudumu wa jikoni aitwaye Doris Miller alisaidia kubeba majeruhi kwenye manowari West Virginia, kisha akashika bunduki kubwa ya kutungulia ndege ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia. Mei 1942 Admirali Nimitz alimvisha nishani ya Navy Cross. Knox hakutaka mabadiliko. Alikuwa akisema meli ni nyumba ndogo, huwezi kuchanganya watu. Ila shinikizo kutoka kwa rais na vyama vya weusi lilizidi, na Aprili 1942 akatangaza kwamba kuanzia Juni 1 weusi wataandikishwa kwa kazi zote za kawaida. Kwenye makaratasi, kazi zote. Kwa vitendo, wengi walipelekwa bandarini kupakia mabomu. Miller mwenyewe alirudishwa kazi za jikoni na kufa Novemba 1943 meli yake ilipozamishwa.

Knox alifariki Aprili 1944. Nafasi yake ikachukuliwa na James Forrestal, mtu wa benki kutoka Wall Street. Miezi miwili baadaye, usiku wa tarehe 17 Julai, mabomu yalilipuka bandarini Port Chicago, California. Walikufa watu 320, na 202 kati yao walikuwa mabaharia weusi waliokuwa wanapakia bila mafunzo ya kutosha huku maofisa wao weupe wakishindana nani anapakia haraka. Wiki chache baadaye walionusurika wakaamriwa waendelee na kazi ile ile, kwa utaratibu ule ule. Wakakataa 258. Hamsini wakashitakiwa kwa uasi na kuhukumiwa vifungo vya hadi miaka 15. Wakili Thurgood Marshall, ambaye baadaye alikuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani, alihudhuria kesi hiyo na kwenda kuwapigania kwa Forrestal. Hukumu haikufutwa, ila wengi waliachiwa mwaka 1946. Mwaka huo huo, Februari, wizara ya Forrestal ikaondoa kwa waraka vizuizi vyote vya rangi, miaka miwili kabla Rais Truman hajatoa amri yake kwa majeshi yote.

Wizara yenyewe ilikuwa inaelekea kupunguzwa. Mwaka 1947 iliwekwa chini ya mwavuli wa ulinzi wa pamoja, na mwaka 1949 ikapoteza rasmi hadhi ya wizara kamili. Aprili mwaka huo Waziri wa Ulinzi Louis Johnson alifuta ujenzi wa manowari kubwa ya kubebea ndege siku tano tu baada ya kuanza, bila kumuuliza waziri wa majini, John Sullivan, ambaye alijiuzulu. Maadmirali wakaenda kulalamika bungeni hadharani, na mkuu wao Louis Denfeld akafukuzwa kazi. Zile idara za 1842 zilivunjwa nyingi mwaka 1966. Ya tiba ipo hadi leo.

Kwa hiyo leo ngazi iko hivi. Juu ni waziri, ambaye sheria inataka awe raia, na Seneti imthibitishe. Chini yake naibu na wasaidizi wa kiraia. Kisha wakuu wawili wa kijeshi walio sawa: Mkuu wa Oparesheni za Majini na Kamanda wa Marines, maana majeshi hayo ni mawili ndani ya wizara moja. Hao wawili wanaandaa watu, meli na mafunzo, lakini tangu mwaka 1958 amri ya vita haipiti kwao. Inatoka kwa rais na waziri wa ulinzi kwenda kwa makamanda wa kanda. Rais anaweza kumwondoa yeyote. Admirali Lisa Franchetti, mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa oparesheni, aliondolewa Februari 2025. Kwetu Tanzania mambo ni mafupi zaidi, Wanamaji ni kamandi mojawapo ndani ya JWTZ.

Tarehe 17 Julai 2024, miaka 80 kamili baada ya mlipuko, waziri wa jeshi la majini Carlos Del Toro alisaini karatasi ya kuwasafisha wale hamsini wa Port Chicago pamoja na wenzao 206 waliokuwa wameadhibiwa kwenye mahakama ndogo. Wote walikuwa wameshakufa.

Kalamu iliyosaini ni ya kiti kile kile alichokalia Welles, Daniels na Knox. Wanasiasa wetu hupenda kutuambia kwamba muundo wa wizara ni mambo ya kitaalamu, tuwaachie wenyewe. Waulizeni wajukuu wa Port Chicago kama ni mambo ya kitaalamu. Nani anaripoti kwa nani, nani anaweza kumwambia nani umekosea, nani ana saini ya mwisho: hayo ndiyo yaliyoamua nani apewe topido mbovu na nani abebe mabomu usiku. Na sisi wenye kalamu tukumbuke kwamba Daniels alikuwa mwenzetu.

Haya, nangoja maoni yenu.